Tupeane uzoefu: mliojiunga na vikundi vya matembezi Unguja na Pemba, mmepata nini?

Mama wa Fuoni (mwanzisha mada)

Assalaam alaykum wana barza.

Nina miaka arobaini na kitu na kazi yangu ni ya kukaa. Mchana ofisini, jioni jikoni, usiku nimechoka ilhali hata mtaa wa pili sijaufika kwa miguu. Juzi daktari kanipima, presha inaanza kupanda na sukari iko mpakani. Kanambia nianze kutembea kabla hatujafika kwenye vidonge.

Maelezo ya jumla ninayo. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kumpandisha pumzi, sawa na nusu saa kwa siku tano. Hilo nimelifahamu. Ninachokitaka ni kauli za walioingia kwenye vikundi hivi vinavyotoka alfajiri, na vile vinavyokwenda misituni na pwani mwisho wa wiki. Mlianzaje? Kitu gani kinawafanya mrudi? Na kwa mwanamke mtu mzima, mwenye mwili, asiyependa kutazamwa, hali ikoje? Nambieni kweli, nataka kuamua.

Mstaafu wa Kikwajuni

Waalaykumu salaam mwanangu. Nitasema kwa urefu kidogo, univumilie.

Nilikuwa mwalimu wa skuli maisha yangu yote. Ukistaafu watu wanakupongeza, umepumzika, lakini hakuna anayekwambia kwamba siku itakuwa ndefu. Nikawa natoka kitandani kwenda barazani, barazani kwenda msikitini, na msikiti uko hatua chache tu. Miguu ikaanza kuvimba jioni. Usingizi ukapungua. Nikawa mkali kwa wajukuu bila ya sababu, na mke wangu ndiye aliyeliona hilo mwanzo.

Jirani akanichukua. Kikundi chetu kinakutana viwanja vya Maisara baada ya sala ya alfajiri. Siku za kazi tunazunguka hapa hapa mjini: Mnazi Mmoja, Forodhani, Darajani, tunarudi kabla jua halijawa kali na watu wakawahi makazini. Safari ya mbali ni Jumapili, na ninayoipenda kuliko zote ni ya Masingini. Tunapanda gari za abiria, namba 502 za Bububu, tunashuka njiani, kisha tunapanda kwa miguu kuelekea msituni. Watu wanadhani Unguja yote ni tambarare. Masingini ndiyo sehemu ya juu kabisa ya kisiwa, kama mita 120 kutoka usawa wa bahari, na asiyezoea kupanda atauhisi mlima huo mapajani. Lakini ukishaingia chini ya miti, joto linabaki nje. Mvua inayoangukia msitu ule ndiyo inayolisha chemchem za upande wa Bububu, maji tuliyoyanywa mjini tangu utotoni. Nikiwa na vijana huwaeleza hilo, nao husikiliza vizuri kuliko darasani. (Na barabara hiyo ya Bububu ilikuwa na reli, ilianza 1905. Vijana wengi hawajui.)

Sasa jibu la swali lako, kinachonirudisha. Kikundi chetu kina kanuni moja: anayetembea polepole kuliko wote ndiye anayewekwa mbele. Sio nyuma, mbele. Wote wanafuata mwendo wake. Siku yangu ya mwanzo aliyewekwa mbele ni mie, na nyuma yangu walikuwepo vijana wenye uwezo wa kukimbia mpaka Mahonda. Hakuna aliyenipita. Mtu wa umri wangu akipewa heshima hiyo hawezi kulala Jumapili inayofuata.

Presha imeteremka. Vidonge sikuviacha kwa akili yangu, daktari mwenyewe ndiye aliyepunguza kipimo baada ya kunifuatilia. Hili naomba lizingatiwe.

Kijana wa Jang'ombe

Mie kwa ufupi. Kazi ya kompyuta, mgongo uliniuma mpaka nikawa nalala sakafuni. Nililipia jimu, mwezi wa pili nikawa siendi, na hakuna aliyeuliza. Kwenye kikundi ukikosa Jumapili moja unapigiwa simu, ukikosa ya pili wanakuja mpaka mlangoni kukutazama kama mzima. Hilo tu ndilo lililonibakisha. Mgongo umepoa.

Ukhti wa Mwanakwerekwe

Niseme na upande wa pili ili dada asije akavunjika moyo. Vikundi si sawa. Cha kwanza nilichoingia kilikuwa cha sare na picha. Kila baada ya muda mfupi mchango mpya wa fulana, na mwendo ni wa kukimbia, asiyeweza anabaki nyuma peke yake barabarani bado kiza. Nikatoka. Cha sasa mchango ni shilingi 5,000 kwa mwezi, unanunua maji na dawa za huduma ya kwanza, na kinachobaki kinamfaa mwenye mgonjwa au msiba. Ukienda kuangalia kikundi, usitazame sare. Tazama anayekuja mwisho yuko na nani.

Bi wa Chukwani

Mwanangu wa Fuoni, mie sikuingia kwa presha wala sukari. Nilifiwa na mume. Wakati wa eda nyumba ilikuwa haikauki watu, ile miezi minne na siku kumi. Ilipomalizika kila mtu akarudi kwake, na ndivyo dunia ilivyo, siwalaumu. Nyumba ikawa kimya. Nikawa sipiki, nakunywa chai tu. Binti yangu akanisajili kwenye kikundi cha wanawake bila ya kuniuliza, akaninunulia na raba.

Nitakwambia nilichokiona. Watu wawili wakikaa sebuleni wanatazamana, na anayetazamwa hujikaza. Mkitembea kila mtu anatazama njia, na maneno yanatoka yenyewe. Mambo ambayo sikuweza kumwambia dada yangu wa tumbo moja nilimwambia mama mmoja wa Kiembesamaki tukitembea, sote tunatazama mbele.

Safari ya mwanzo ya mbali ilikuwa msitu wa Jozani, kwa gari ya kukodi, ingawa gari za 309 na 310 pia hupita pale. Wale kima punju, wenye mgongo mwekundu, ambao asili yao duniani kote ni kwetu Unguja tu, walikuwa juu ya vichwa vyetu na watoto wao tumboni. Halafu tukaingia njia ya mbao inayopita juu ya mikoko. Pale nililia. Hakuna aliyenambia nyamaza. Mwenzangu alinishika mkono, tukaendelea mpaka mwisho wa mbao. Tangu siku ile napika.

Mwalimu wa Wete

Huku Pemba tunafuatilia, msitusahau. Nyinyi mna kilima kimoja, sisi kisiwa chote ni kupanda na kuteremka. Ukitoka nyumbani kwenda dukani ushafanya mazoezi, alimradi usipande bodaboda.

Kikundi chetu ni cha wanawake watupu, walimu na wauguzi wengi, na mama wa sokoni wawili wanaotushinda sote kwa sababu wao miguu haijapata kulala. Mavazi kila mtu na stara yake. Mie navaa suruali pana, dera la kitambaa chepesi na mtandio ulioshonwa usivuke. Mwanzo mitaani tulisemwa, "Hawa wameacha kazi za nyumbani." Imamu wa mtaa wetu ndiye aliyetusaidia, aliuliza waliosema kama wangependa wake zao wapooze. Wakanyamaza, na baadhi ya wake zao sasa tunao.

Safari yetu kubwa ni Ngezi. Tunakwenda kwa gari mpaka Konde, kisha kwa miguu mpaka msituni na kupitiliza hadi pwani ya Vumawimbi. Ngezi ni kipande kilichobaki cha msitu wa asili, kabla mikarafuu haijatawala kisiwa. Miti mirefu, njia ina kivuli, na ukiwa na bahati utamwona popo wa Pemba, yule mkubwa ambaye hapatikani pengine popote. Wenye nguvu huongeza siku nyingine mpaka Ras Kigomasha kwenye mnara wa taa uliojengwa 1900. Mie nimewahi kuupanda, na kwa kweli magoti yaliyoniuma miaka mingi siku hiyo hayakusema kitu.

Msimu wa karafuu tunapunguza. Watu wako mashamba, na mchumaji karafuu hahitaji kuambiwa atembee.

Muuguzi, Chake Chake

Naongezea ya kitaalamu kwa sababu nimeona umetaja sukari.

Misuli inayofanya kazi huchukua sukari kutoka kwenye damu, ndiyo maana kutembea kunasaidia, na hata dakika chache baada ya kula zina faida. Kwa aliye mpakani kama wewe hakuna hatari kubwa. Anayetakiwa kujihadhari ni yule anayechoma insulini au anayemeza vidonge vya jamii ya glibenklamaidi, kwa sababu yeye sukari yaweza kushuka njiani. Dalili ni kutetemeka, jasho la baridi, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio, kusema ovyo. Kwenye kikundi chetu ilitokea kwa mama mmoja, tukiwa tumeshaacha nyumba nyuma. Alikaa kitako akasema hajui tuko wapi. Alikuwa bado anaweza kumeza, tukampa maji tuliyokoroga vijiko vitatu vya sukari, tukangoja robo saa, akarudi, kisha akala mkate. Siku hizi hatutoki bila sukari na tende, na kila mtu anajua nani anatumia dawa gani. Hakuna siri katika hilo. Asiyeweza kumeza asipewe kitu mdomoni, apelekwe hospitali mbio.

La pili ni miguu. Mwenye sukari asitembee na malapa, khasa upande wa maweni. Jiwe la matumbawe linakata, na mguu uliokufa ganzi hauhisi. Raba na soksi, na akirudi atazame nyayo zake, hata chini ya vidole.

La tatu, ukipata maumivu ya kifua au pumzi ikikata isivyo kawaida, simama. Usione haya kusimamisha watu.

Mtoto wa mvuvi, Bwejuu

Wanaokuja kutembea pwani ya mashariki, tafadhali ulizeni maji kabla ya kufunga safari. Kila msimu naona vikundi vya mjini vimebanwa baina ya bahari na kuta za mahoteli, watu wazima wanapita na maji ya magoti.

Bamvua liko mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Siku hizo maji yanakupwa mbali mno, na kina chake cha chini kinaangukia kama saa nne asubuhi, kwa hivyo mtu akianza saa mbili anatembea juu ya mchanga mgumu mpaka Paje au Jambiani bila tabu. Saa kumi jioni yamejaa. Maji mafu, yaani siku za baina ya bamvua moja na jengine, mambo yanageuka, asubuhi hupati pwani ya kutosha. Mvuvi yeyote atakwambia bila malipo. Na kusi likivuma, tembeeni kutoka kusini kwenda kaskazini, upepo uwasukume mgongoni.

Mama wa Fuoni

Nimesoma yote, mengine nimeyasoma mara mbili. Bi wa Chukwani, Mungu amrehemu mzee wetu. Nimebakiwa na maswali mawili. Ramadhani mnafanyaje? Na barabara ya kwetu ina magari na bodaboda mapema, hamwogopi?

Ukhti wa Mwanakwerekwe

Ramadhani sisi tunatembea baada ya tarawehe, nusu saa, polepole, mtu na chupa yake ya maji. Wengine hutoka saa moja kabla ya futari, lakini hilo ni la wazima na wasiotumia dawa. Kwako wewe ningesema usiku. Barabarani tunakwenda upande wa kulia ili gari zinazokuja tuzione usoni, mstari mmoja au wawili, na wa mbele na wa nyuma wanavaa vizibao vinavyong'aa. Kiza kikiwa bado, tunabaki vichochoroni na viwanjani.

Muuguzi, Chake Chake

Na Ramadhani mwenye vidonge aonane na daktari wiki kadhaa kabla, nyakati za dawa zinabadilishwa.

Mstaafu wa Kikwajuni

Mwanangu, usingoje Januari mosi, ile siku ya mazoezi kitaifa. Siku hiyo vikundi vyote vinatoka, kuna bendi na viongozi, na ni raha kweli, nami huwemo kila mwaka. Lakini umati ule si wa mtu kuanzia, hakuna atakayejua umechoka. Anza siku ya kawaida yenye watu wachache. Fuoni vipo vikundi, muulize muuza maandazi wa asubuhi, yeye anavijua vyote kwa sababu vinamalizikia kwake. Ukiona havikufai, njoo Maisara. Jumapili hii tunakwenda Masingini, tunaondoka saa kumi na mbili na nusu.

Mama wa Fuoni

Nitakuja Maisara inshaallah, nakuja na dada yangu. Raba zangu zina miaka kabatini, soli imekuwa ngumu. Zinafaa?

Mstaafu wa Kikwajuni

Hazifai, zitabanduka mlimani. Nenda Darajani kwenye raba za mtumba, jaribu jioni mguu ukiwa umejaa, na uache nafasi ya kidole gumba mbele. Soksi za pamba. Utatangulia wewe.