Wati 500, 1000 au 2000: namba iliyobandikwa kwenye mota ya baiskeli ya umeme ina maana gani?

Mama Maziwa, Ihumwa

Habari zenu ndugu zangu. Ninauza maziwa hapa Ihumwa, na kila asubuhi kijana wangu huyapeleka kwa wateja wa Kisasa na Area C kwa baiskeli ya kawaida, mzigo wa lita 40 hivi pamoja na madumu yake. Nataka kumnunulia baiskeli ya umeme kabla upepo wa kiangazi haujaanza kumtesa, lakini nimekwama kwenye namba za nguvu ya mota. Katika maduka mawili ya mjini nimeonyeshwa baiskeli tatu, zote zikiwa na betri ya volti 48 na mota ya gurudumu la nyuma, na kwa macho yangu mota hizo zinafanana kabisa. Moja imeandikwa wati 500, ya pili 1000, ya tatu 2000, na bei inapanda kwa kufuata namba.

Niliomba kijana aijaribu ile ya 2000 akiwa na mzigo. Kwenye kilima kidogo ilichoka sawasawa na ile ya 500. Muuzaji akanieleza kwamba Dodoma iko juu sana kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo mota hupoteza nguvu. Je, maelezo hayo ni ya kweli? Na ikiwa si ya kweli, nitajuaje nguvu halisi ya mota kabla sijatoa fedha yangu?

Mwalimu wa Fizikia, Kongwa

Mama, nianze na suala la mwinuko kwa sababu linamalizika haraka. Mji wa Dodoma uko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na injini ya petroli huathirika kweli katika mwinuko huo, kwa kuwa inahitaji hewa ili kuunguza mafuta. Mota ya umeme haiunguzi chochote, hivyo wepesi wa hewa hauipunguzii nguvu. Maelezo uliyopewa hayana msingi.

Kuhusu wati, ugumu unatokana na ukweli kwamba mota moja ina namba zaidi ya moja. Ipo nguvu ambayo mota inaweza kuitoa mfululizo bila kupata joto la kuiharibu, na hiyo ndiyo inayoitwa nguvu endelevu. Ipo nguvu ya kilele, ambayo mota huitoa kwa muda mfupi tu kabla joto halijapanda. Tena ipo nguvu inayotoka kwenye betri, ambayo daima ni kubwa kuliko ile inayofika barabarani, kwa sababu sehemu yake hupotea njiani kama joto. Kanuni Na. 85 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu upimaji wa nguvu za injini na mota za magari, inataka pamoja na mambo mengine nguvu ambayo mota ya umeme inaweza kuihimili kwa dakika 30. Huo ndio upimaji wa kuheshimika, maana unataja muda. Stika inayosema "2000W" bila kutaja muda haijamwambia mnunuzi jambo lolote.

Sasa tuitazame safari ya kijana wako. Baiskeli kilo 35, yeye kilo 70, maziwa na madumu kilo 45: jumla kilo 150. Katika mwinuko wa asilimia 5, akienda kilomita 20 kwa saa, kuupandisha uzito huo pekee kunahitaji wati 400 na kidogo. Ukiongeza msuguano wa matairi na ukinzani wa hewa, unakaribia wati 550 kwenye gurudumu. Kwenye tambarare, bila upepo, akienda kilomita 25 kwa saa, wati 200 hivi zinatosha. Lakini upepo wetu wa kiangazi ukimpiga usoni kwa kilomita 20 kwa saa, mahitaji hayo yanaongezeka mara mbili na zaidi. Kwa hiyo mota ya kweli ya wati 500 endelevu itaifanya kazi yako, hasa kijana akisaidia kwa pedali kilimani, na mota ya kweli ya wati 2000 ingepanda kilima hicho bila kuhangaika hata kidogo. Kwamba ilichoka ni ushahidi tosha kwamba si ya wati 2000.

Fundi Mota, Majengo

Shikamoo mama. Mwalimu amesema kweli tupu, nami naongeza namna ya kukagua ukiwa dukani. Stika hubandikwa na yeyote, kwa hiyo iache. Omba uonyeshwe kontrola, kile kijisanduku cha aluminiamu kinachokaa chini ya kiti au karibu na betri, ambacho nyaya tatu nene za njano, kijani na buluu hutoka kwenda kwenye mota. Ubavuni mwake huandikwa volti na ampea, na ukizidisha namba hizo mbili unapata wati zinazoweza kutoka kwenye betri. Mota haiwezi kupata zaidi ya kile ambacho kontrola inaruhusu kupita.

Ninayo moja mezani sasa hivi, imetoka kwenye baiskeli iliyouzwa kama ya wati 1000. Imeandikwa volti 48, ampea 11 za kawaida, na ukomo wa ampea 22, kuongeza au kupunguza moja. Zidisha 48 kwa 11, ni wati 528. Zidisha 48 kwa 22, ni 1,056. Kisha chukua betri hiyo ikiwa imejaa chaji, maana betri ya volti 48 yenye seli 13 za lithiamu hufika volti 54.6, uzidishe kwa ampea 23: zinakaribia 1,256. Mashine ni ile ile, na muuzaji anaweza kuiita ya 500, ya 1000 au ya 1200, na kila mara akawa na hesabu ya kukuonyesha. Ila 2000 huipati hapo kwa hesabu yoyote ile.

Angalia pia chuma cha mota yenyewe, kuzunguka ekseli. Viwanda vingi huchonga volti na wati kwenye kifuniko. Nimewahi kubandua stika ya 1500W nikakuta chini yake pamechongwa 48V 500W, wazi kabisa.

Jambo hili linaniuma kwa sababu zinazoungua zinaletwa kwangu. Nikifungua nakuta koili za shaba zimekuwa nyeusi, vanishi imebabuka na sensa zimekufa, na mwenye mali ni mtu aliyeamini namba akapakia mzigo kwa kuifuata. Mota ya gurudumu huumia zaidi inapopanda polepole: umeme mwingi unaingia, mzunguko ni mdogo, na sehemu kubwa ya umeme huo inageuka joto. Wapo pia mafundi wanaoongeza risasi ya kulehemu juu ya shanti ya kontrola, yaani kile kipande cha waya ambacho kontrola hukitumia kupima umeme unaopita, ili ipitishe ampea nyingi zaidi. Baiskeli hukimbia kweli kwa muda, kisha mota au betri inakufa. Nawasihi wenzangu tuache.

Mnunuzi Makini, Chang'ombe

Naomba niongeze upande wa pili wa jambo hili, kwa sababu namba hizi hudanganya pande zote mbili. Katika Umoja wa Ulaya, baiskeli inayohesabiwa kuwa baiskeli tu, na si pikipiki, hairuhusiwi kuzidi wati 250 za nguvu endelevu, na msaada wa mota lazima ukatike ikifika kilomita 25 kwa saa. Marekani, sheria ya shirikisho ya 2002 inataka mota iwe chini ya wati 750. China, kiwango cha GB 17761 cha 2018 kiliweka ukomo wa wati 400. Kwa kuwa Ulaya inabana nguvu endelevu na si kilele, zipo mota nyingi zenye alama ya 250 ambazo kilimani hutoa zaidi ya mara mbili ya hapo kwa muda mfupi. Kule namba kubwa inamwondolea muuzaji soko, hapa kwetu inamletea wateja, na alama hufuata mkondo huo.

Kisheria hauko peke yako, mama. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani ndiyo inayoisimamia. Mwombe muuzaji aandike kwenye ankara: "nguvu endelevu ya mota, wati (namba yenyewe)". Mwenye bidhaa ya kweli hatasita kuandika.

Mama Maziwa, Ihumwa

Marahaba fundi, na nawashukuru nyote. Nimerudi dukani. Ile ya 2000 kontrola yake imeandikwa ukomo wa ampea 18, na ile ya 500 ampea 15. Nilipomwomba muuzaji aandike nguvu endelevu kwenye ankara, alikataa kwa ile ya 2000, lakini kwa ile ya 500 aliandika bila ubishi. Je, nichukue hiyo?

Fundi Mota, Majengo

Chukua hiyo, mama. Ile ya "2000" kilele chake ni wati 864 na hii ni 720. Tofauti hiyo hailingani kabisa na bei. Fedha utakayookoa iweke kwenye betri yenye ampea-saa nyingi zaidi, yaani inayohifadhi umeme mwingi zaidi. Betri ya volti 48 na ampea-saa 13 ina wati-saa 624, na kwa mzigo wako itampeleka kijana kilomita 40 hadi 60 kutegemea upepo na vilima, hata kama dukani wanataja 80.

Kabla ya kulipa, apakie mzigo kamili apande barabara ya kuelekea Chuo Kikuu cha Dodoma, kisha ashike kifuniko cha mota. Kikiwa cha vuguvugu, lipa. Kikiwa cha moto kiasi kwamba mkono hautulii juu yake, irudishe hapo hapo.