Mfumo wa tiketi za mabasi: tuanze na maikroservisi au monolithi?

kijana_wa_mbezi
Wakuu habari zenu. Tuko watatu tunajenga mfumo wa kukata tiketi za mabasi mtandaoni, mteja anachagua siti, analipa kwa simu, tiketi inakuja kwa meseji. Mimi na mwenzangu ni watu wa Django (fremuweki, yani kiunzi cha kujengea programu za mtandaoni, ya Python) ila yeye siku hizi anavutwa na Laravel (ya PHP), wa tatu anafanya muonekano kwa React. Sasa kuna jamaa anatwambia tuanze na maikroservisi, yani watumiaji kivyake, siti kivyake, malipo kivyake, vyote juu ya Kubernetes (mtambo wa kuendesha programu nyingi kwenye seva nyingi), eti Desemba watu wakianza kupanda Moshi na Arusha monolithi, yani programu moja yenye kila kitu ndani, itazimika. Hela yetu ni ya kukodi seva mbili tu. Naombeni ushauri, na fremuweki ipi inabeba watu wengi?

mzee_wa_seva
Dogo, maikroservisi zinasaidia zaidi pale timu zikiwa nyingi zinakanyagana kwenye kodi (maandishi ya programu) moja, nyie watatu mtakanyagana na nani? Instagram ilikuwa ya Django na databesi ya PostgreSQL, Facebook wanainunua 2012 ilikuwa na wafanyakazi 13 na watumiaji milioni 30 hivi. Shopify mpaka leo moyo wake ni monolithi ya Rails (fremuweki ya Ruby), wameigawa moduli ndani kwa ndani. Fanyeni hivyo hivyo.
Fremuweki zote mbili zinabeba, chukueni Django maana wawili mnaijua na ikifa saa nane usiku mtaamka kuirekebisha. Kinachochoka kwanza ni databesi, PostgreSQL usipoigusa inaruhusu koneksheni 100 tu, kwahiyo wekeni mapema PgBouncer, inayofanya maombi mengi yatumie koneksheni chache kwa zamu. Na seshen (kumbukumbu ya nani ameingia) zisikae kwenye diski ya seva, pelekeni Redis, hifadhi ya pamoja ya kwenye memori, ndo mtaweza kuongeza seva ya pili bila watu kutolewa nje.

dada_backend
Mzee kasema vizuri ila kwenye mabasi kazi iko kwenye siti jamani. Watu wawili wanaiona siti 14 iko wazi, kodi inaangalia kwanza halafu ndo inaandika, hapo katikati wote wamepita na wote wamelipa, kesho asubuhi wanagombana mlangoni kwa konda. Msitegemee kodi, databesi yenyewe ndo ikatae.
Wengi wanaweka yuniki (sharti la kutojirudia) kwenye safari na siti wanalala. Haitoshi, kuna abiria anashuka Korogwe na siti hiyo hiyo inauzwa tena Korogwe mpaka Arusha. Vituo vipeni namba, Dar 0, Chalinze 1, Korogwe 2, Same 3, Moshi 4, Arusha 5, tiketi iwe renji, yani kutoka kituo hiki mpaka kile bila kuhesabu cha mwisho, hivyo [0,2) na [2,5) hazigongani. PostgreSQL ina sharti linaloitwa exclusion constraint, linalokataa renji zinazopishana kwa safari na siti moja, washeni nyongeza yake ya btree_gist tu. Mkivunja siti na malipo kuwa databesi mbili, transaksheni moja (yote yafanikiwe au yote yafutwe) ya kuokoa hayo yote mmeitupa wenyewe.

kijana_wa_mbezi
Dada umenifumbua macho, hiyo ya Korogwe hatukuiwaza kabisa. Na malipo je? Kwenye majaribio taarifa ya malipo inakuja mara mbili mbili.

mzee_wa_seva
Ni kawaida hiyo, mtandao ukikatika watu wa malipo wanatuma tena. Namba ya muamala iwe yuniki, ikija ya pili jibu "sawa" usifanye kitu. Meseji na tiketi tupia kwenye foleni ya Celery (inafanya kazi nyuma ya pazia), yule anayetuma taarifa asisubiri.

msee_wa_code
Wadau mmesahau kushikilia siti. Mtu anachagua, anaitiwa chakula, siti imefungwa mpaka jioni. Weka dakika kumi iachiwe. Na kama pesa imeingia dakika ya kumi na moja na siti imeshauzwa, amueni saa hii ni kurudisha ama kumpa ingine, juu hiyo hakuna fremuweki itawaamulia.

dada_backend
Kurudisha. Ukimpa nyingine bila kumuuliza atakupigia mpaka ubadili namba.