Wanaoshika makohozi tunabaki benchi, wanaoshika mafaili ndio wanaitwa mafunzo!

Wakuu, nina hasira na leo sizunguki. Mimi ni mtu wa maabara, stashahada, huu mwaka wa tisa nipo benchi, yaani meza ya vipimo, katika hospitali moja ya wilaya. Miaka yote hiyo nimeitwa mafunzo mara moja tu, tena ya kujaza fomu.

GeneXpert, mashine ya kupima TB, ilipoletwa kwetu, barua ya mafunzo ilikuja na nafasi moja. Siku tano, Morogoro. Akaenda bosi, ambaye glovu sijamwona akivaa tangu nihamie pale. Akarudi na begi la semina na cheti, kabrasha akalifungia kabatini. Sisi tukaelekezwa dakika kumi, yeye kasimama mlangoni: "Mnachanganya, mnaweka, mnabonyeza."

Akaja mzee mmoja na makohozi mazito, yanavutika kama mlenda. Nikachanganya na kitendanishi, dawa ya kuyalainisha, nikajaza katriji, kile kikopo kinachoingia kwenye mashine. Mashine ikakatia njiani, kosa namba 2008. Nikarudia na katriji nyingine, 2008 tena. Mzee katoka kijijini kwa bodaboda ya kukopa, namwambia arudi kesho. Akanitazama tu, akafunga kifungo cha koti, akaondoka. Alirudi baada ya siku nane. TB ipo. Mashine ya kutoa majibu chini ya saa mbili, mgonjwa kasubiri siku nane huku analala chumba kimoja na wajukuu!

Aliyenionyesha nilipokosea ni binti wa hospitali ya jirani, kwa WhatsApp, saa nne usiku. Kitendanishi mara mbili ya makohozi, tikisa kwa nguvu, acha dakika 15, katikati tikisa tena. Yakibaki mabonge usijaze, yanaziba na presha inapanda ndani ya katriji. Basi. Mambo ya robo saa, na yote yamo kwenye kabrasha lile. Nililiomba nikajibiwa "hilo ni la ofisi".

Halafu leseni ikifika muda wa kuhuisha, pointi za CPD, yaani za kujiendeleza kitaaluma, nadaiwa mimi. Bosi anazo mpaka za ziada. Mimi nazisaka kwa bando langu, nimetoka zamu ya usiku, macho hayafunguki. Ruhusa ya kwenda kusoma shahada nimeomba mara mbili, naambiwa watu hawatoshi.

Posho simwonei mtu wivu, ale. Ila jina linalopelekwa liwe la anayegusa mashine. Na aliyekwenda, kabla ya kurejesha masurufu, akae benchi na wenzake siku nzima, glovu mkononi, makohozi ya kweli mbele yake. Kabrasha libaki maabara.

Wa mionzi, famasi, mazoezi tiba, huko kwenu nafasi ya mwisho ya mafunzo ilikwenda kwa nani? Semeni, hospitali msitaje.