Mjadala: Je, habari za Magharibi kuhusu ulimwengu wa Kiislamu huanzia katikati?

MLETA MADA

Heshima kwenu wakuu. Hoja hii nimekaa nayo muda mrefu, na ninaomba tuijadili bila ushabiki wa dini.

Vyombo vikubwa vya habari vya Marekani na Ulaya vinapoandika kuhusu nchi za Waislamu, kosa liko wapi hasa? Wengi husema "wanadanganya". Mimi nimeacha kusema hivyo. Uongo wa wazi upo, ila ni mchache, na mara nyingi huja kufichuka. Kinachoniuma ni mahali wanapoanzia kusimulia. Mwislamu huingia kwenye habari siku aliyopiga. Siku aliyopigwa haikuandikwa, au iliandikwa kidogo ikasahaulika, na msomaji anabaki akitazama mtu mwenye hasira isiyo na chanzo.

Chukueni Iran. Tarehe 4 Novemba 1979 wanafunzi waliuvamia ubalozi wa Marekani mjini Tehran, na Wamarekani 52 wakaja kushikiliwa siku 444. Lilikuwa kosa na silitetei. Wanadiplomasia hawashikwi mateka. Lakini angalieni lilivyoripotiwa. Televisheni ya ABC ilianzisha kipindi cha kila usiku kuhusu mateka hao, siku zikihesabiwa moja moja. Walter Cronkite wa CBS akawa anafunga taarifa yake ya habari kwa kutaja ni siku ya ngapi. Kwa zaidi ya mwaka mzima Mmarekani alikwenda kulala akiwa ameona ngumi zilizoinuliwa, bendera inayoungua na umati unaopiga kelele kwa lugha asiyoielewa. Akijiuliza kwa nini wanamchukia kiasi hicho, jibu lililokuwa karibu naye lilikuwa dini yao.

Sasa rudini nyuma. Mwaka 1951 bunge la Iran lilitaifisha mafuta yaliyokuwa mikononi mwa Anglo-Iranian, kampuni ya Waingereza ambayo leo ni BP. Waziri Mkuu Mohammad Mosaddegh, aliyeisimamia kazi hiyo, hakuwa shehe wala kiongozi wa wapiganaji. Alikuwa mwanasheria aliyesomea Uswisi. Agosti 1953 akapinduliwa kwa mpango wa CIA na majasusi wa Uingereza. Shah, yaani mfalme wa Iran, ambaye siku chache kabla alikuwa ameikimbia nchi, akarudishwa, akatawala miaka 25 zaidi, na SAVAK, polisi wake wa siri, wakafunga na kutesa watu. Mapinduzi ya 1979 yakamng'oa, na Oktoba mwaka huo Marekani ikampokea kwa matibabu. Jiwekeni mahali pa Mwirani wa siku ile: Shah yuko nje tena, Marekani inamhifadhi tena, na ubalozi ulio katikati ya mji ndimo mpango wa 1953 ulimoendeshwa. Aliogopa kurudiwa.

Ukiijua 1953, uvamizi wa 1979 unabaki kosa, lakini ni kosa la watu wenye kumbukumbu. Usipoijua, unaondoka na picha ya taifa zima lililoshikwa na wazimu. Wapo waandishi wa Magharibi waliolitaja jambo hilo hata wakati ule, sikatai. Ila sentensi moja katikati ya makala haiwezi kushindana na picha zinazorudiwa usiku 444. CIA yenyewe ilikiri hadharani, kwa nyaraka zake, mwaka 2013. Miaka 60 baadaye.

Kuna na haraka ya kuhukumu. Jengo la serikali lilipolipuliwa Oklahoma City tarehe 19 Aprili 1995 na watu 168 wakafa, wataalamu walijaa kwenye televisheni wakieleza kwamba lile shambulio lina alama za Mashariki ya Kati. Mmarekani mwenye asili ya Jordan, aliyekuwa safarini, alizuiwa London akarudishwa kuhojiwa. Mlipuaji alikuwa Timothy McVeigh, askari wa zamani wa jeshi la Marekani. Tungedhani somo limeeleweka. Tarehe 22 Julai 2011 watu 77 waliuawa Norway, na asubuhi iliyofuata The Sun la Uingereza lilikuwa na jina la al-Qaeda kwenye ukurasa wa mbele. Muuaji alikuwa Anders Breivik, Mnorwe aliyewachukia Waislamu.

Watafiti wa Marekani waliochunguza mashambulizi ya kigaidi yaliyotokea nchini mwao kati ya 2006 na 2015 walikuta kwamba shambulio lililofanywa na Mwislamu lilipata habari asilimia 357 zaidi kuliko yale ya wengine. Hapo hakuna sentensi hata moja ya uongo inayohitajika. Kila habari inaweza kuwa ya kweli, na jumla yake ikawa picha isiyo ya kweli.

Naomba michango yenu, hasa ya wasiokubaliana nami.


MCHANGIAJI 1

Mkuu, umeomba wasiokubaliana nawe, basi nimo.

Iran nakuachia. Lakini umewasoma wanahabari wa Magharibi kwa jicho moja. Mateso ya gereza la Abu Ghraib tuliyajua kupitia nani? Aprili 2004 CBS, televisheni ya Marekani, ilionyesha picha za askari wa Marekani wakiwadhalilisha wafungwa wa Iraq, tena vita vikiwa vinaendelea. Na wanaume 10 wa Kirohingya waliouawa katika kijiji cha Inn Din huko Myanmar? Waliochunguza ni waandishi wawili wa Reuters, Wa Lone na Kyaw Soe Oo, raia wa Myanmar ambao si Waislamu. Walikamatwa Desemba 2017, wakahukumiwa miaka 7, wakakaa ndani zaidi ya siku 500. Wamefungwa kwa ajili ya damu ya Waislamu, na shirika lililowatuma lina makao yake London.

Sasa geuza upande wa pili. Julai 2019 nchi 22, nyingi zikiwa za Magharibi, ziliandika barua Umoja wa Mataifa kulalamikia wanayotendewa Wauyghur, Waislamu wa China, kule Xinjiang. Nchi 37 zikaandika barua ya kuitetea China. Miongoni mwao zilikuwamo Saudi Arabia, Misri, Pakistan na Falme za Kiarabu. Nakumbuka nilivyoisoma orodha ile mara mbili, nikidhani nimekosea. Jamal Khashoggi, mwandishi wa Saudi Arabia, naye aliuawa tarehe 2 Oktoba 2018 ndani ya ubalozi mdogo wa nchi yake mwenyewe mjini Istanbul. Safu yake alikuwa akiiandika katika Washington Post, kwa sababu nyumbani alikuwa amezibwa mdomo.

Nyani haoni kundule, mkuu. Nchi ikifunga waandishi wake, nani atabaki kuisimulia kama si mgeni? Na mgeni atasimulia kwa macho ya mgeni. Huwezi kumfunga mwenyeji mdomo kisha ukamlaumu mpita njia kwa kutojua habari za nyumba.

Tena yapo magazeti yanayokiri makosa. New York Times lilichapisha maelezo ya wahariri tarehe 26 Mei 2004 likikubali kwamba habari zake kadhaa kuhusu silaha za maangamizi za Iraq hazikuchunguzwa ipasavyo. Nitajie gazeti la Cairo au Riyadh lililowahi kufanya hivyo kuhusu serikali yake.


MCHANGIAJI 2

Ndugu zangu, nawasoma wote wawili. Mimi ni mwanamke niliyefanya kazi ya kutafsiri habari za mashirika ya nje kwa ajili ya taarifa za redio, kwa hiyo nitasema la maneno tu, ndilo ninalolijua.

Habari inakuja kutoka Reuters, AP au AFP. Una dakika chache kabla ya kwenda hewani. Unakuta watu wenye silaha wametajwa pamoja na dini yao, unaandika "wapiganaji wa Kiislamu", unasonga mbele. Niliandika hivyo mara nyingi sana. Siku moja nilikuwa na habari ya jeshi la Joseph Kony, Lord's Resistance Army, jeshi linalojiita la Bwana na lililodai kutaka kutawala kwa Amri Kumi. Niliandika "waasi". Nilipomaliza nikajiuliza kwa nini kalamu yangu haikuandika "wapiganaji wa Kikristo". Jibu ni kwamba habari ya asili haikuandikwa hivyo, nami nilifuata. Na ingeandikwa hivyo ningekataa, kwa kuwa nawajua Wakristo na najua Kony si wao. Basi yule Mwislamu wa kawaida anayekaa redioni akisikia jina la dini yake likitamkwa pamoja na kila bomu, yeye alikatiwa rufaa na nani?

Angalieni pia neno "madrasa". Kwa anayezungumza Kiswahili, madrasa ni pale mtoto anapojifunza alifu na be. Baada ya Septemba 2001 neno hilo hilo lilianza kuturudia kwenye habari za nje likiwa na maana ya mahali magaidi wanapopikwa, kwa sababu ya shule fulani za Pakistan karibu na mpaka wa Afghanistan. Tukalitafsiri vivyo hivyo, neno letu wenyewe, likiwa limebeba hofu ya watu wengine.

Na kuna vitenzi. "Wameua", "wameuawa", "wamefariki", "wamepoteza maisha". Aliyezoea chumba cha habari anajua uzito wa kila kimoja. Jengo likipigwa kombora na ndege ya jeshi linalojulikana, ukaandika kwamba watu wamepoteza maisha, umemwondoa muuaji kwenye sentensi. Maisha hayapotei kama funguo.

Simwambii mchangiaji wa kwanza kwamba amekosea. Namwambia tu kwamba waandishi hodari aliowataja huandika habari chache kwa mwaka, na zile za haraka huandikwa kila saa. Hizi za haraka ndizo zinazojenga fikra.


MCHANGIAJI 3

Kwa ufupi, wadau. Tarehe 12 Novemba 2015 walipuaji wa ISIS waliua watu zaidi ya 40 Beirut, katika mtaa wa Bourj el-Barajneh. Baba mmoja alimrukia mlipuaji wa pili, akafa naye, akaokoa wengi. Vichwa kadhaa vya habari viliuita mtaa ule ngome ya Hezbollah, kundi lenye silaha la Lebanon, kana kwamba waliokufa walikuwa kambini na si sokoni na msikitini. Kesho yake Paris ikashambuliwa na kundi lile lile, watu 130 wakafa. Facebook ikafungulia watu wa Paris huduma ya kuwajulisha jamaa kwamba wako salama. Watu wa Beirut hawakuwa wamefunguliwa. Kampuni ilieleza kwamba kabla ya Paris huduma hiyo ilikuwa ya majanga ya asili tu. Sawa, lakini sera ilibadilika Ijumaa, siku moja tu baada ya Alhamisi ya Beirut.

Tarehe 14 Oktoba 2017 lori lililipuka Mogadishu, zaidi ya watu 500 wakafa. Hilo ni miongoni mwa mashambulizi mabaya kabisa ya kigaidi duniani, na waliokufa walikuwa Waislamu. Nisichokubaliana na mleta mada ni kulifanya yote kuwa suala la dini. Mkongomani Mkristo naye hufa bila kuandikwa. Kigezo kikubwa ni ukaribu na ofisi za habari, na fedha. Kumweka mwandishi Mogadishu ni ghali na hatari. Paris wapo tayari.


MLETA MADA

Nashukuru sana kwa michango.

Dada mtafsiri, umesema kwa mistari michache nilichokuwa nikikizunguka. Sitaandika tena "wapiganaji wa Kiislamu" bila kutaja kundi kwa jina lake.

Mchangiaji wa tatu, la Kongo nalikubali, na ni kweli sikuliwekea uzito. Ila ukaribu haulielezi lile la Oklahoma. Oklahoma ni kwao, ofisi zote ziko pale, na bado macho yalikimbilia Mashariki ya Kati. Anayesahaulika na anayeshukiwa hawajatendewa jambo moja, na Mwislamu hupata yote mawili: akifa hasikiki, akishukiwa anasikika kuliko wote.

Mchangiaji wa kwanza, barua ya Xinjiang ni aibu, wala sina la kuitetea. Wa Lone na Kyaw Soe Oo nawaheshimu. Naongeza hata jingine upande wako: Shireen Abu Akleh, mwandishi wa Al Jazeera, alipopigwa risasi Jenin tarehe 11 Mei 2022, maofisa wa Israel walianza kwa kuwaelekeza watu kwa wapiganaji wa Kipalestina. Uchunguzi wa AP, CNN, Washington Post na New York Times ndio uliosaidia kuelekeza macho kwa askari wa Israel, hadi Septemba jeshi lenyewe likasema kuna uwezekano mkubwa risasi ilitoka kwake. Kazi kama hiyo naiona na naishukuru.

Lakini umelitumia lile la New York Times kama sifa, na hapo nasimama. Vita vya Iraq vilianza Machi 2003. Maelezo ya wahariri yalitoka Mei 2004, Baghdad imeshaanguka, watu wameshazikwa. Na zile habari za silaha zisizokuwapo zilikuwa zimechapishwa nyingine ukurasa wa kwanza. Maelezo ya kukiri yaliwekwa ukurasa wa 10 ndani. Msomaji aliyeamini ukurasa wa kwanza akaenda zake kazini, nani alimfikishia wa 10?


MCHANGIAJI 1

La ukurasa wa 10 nimelichukua, mkuu, na ni zito. Sitalitaja tena kama sifa tupu.

Ila swali langu umelipita. Umesema ulivyowekwa ukurasa wao wa kukiri. Mimi niliuliza wa kwetu uko wapi. Khashoggi alikuwa na maswali mepesi kuliko haya tunayoulizana hapa. Jibu hilo, kisha tuendelee.