Muuza maziwa katumbukiza KIDOLE kwenye dumu mbele ya macho yangu!!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Yule jamaa wa maziwa wa huku Tabata mnamjua, wa pikipiki na dumu la njano la mafuta ya kula, honi yake inaamsha hadi marehemu. Simtaji.

Asubuhi nimemuuliza kistaarabu, "Kaka, haya yamepasteraiziwa au mabichi?" Kaniangalia kama nimemuuliza anaoga lini. Kafungua kizibo, katumbukiza kidole, kalamba, halafu mbele ya wapangaji wote: "Dada, yametoka Chanika yanapigwa na jua. Moto gani tena unautaka?"

Jamani KIDOLE! Kile kile alichotoka kurudishia mnyororo wa pikipiki, grisi naiona kwenye ukucha. Mama mwenye nyumba kacheka mpaka kakaa chini. Mimi nimesimama na sufuria kama ombaomba. Kidole hadi pingili ya pili!

Bwana Mgando: Swali dogo. Ulinunua au hukununua?

Mtoa mada: Lita moja. Mtoto alikuwa analia. Usinichokoze.

Bwana Mgando: 😂😂 Kidole kimelipiwa.

Mfugaji wa Pugu: Kupasteraizi kiwandani ni kuyapasha moto nyuzi 72 kwa sekunde 15, au 63 kwa nusu saa, kisha yanapozwa haraka. Jua la Chanika linawapa vijidudu joto la kuzaliana tu. Chemsha mpaka yatokote, dada. Ukipata brusela, ule ugonjwa wa maziwa mabichi unaouma hadi viungo, utameza dawa za malaria weee, homa inaenda inarudi. Na dumu la plastiki likichubuka ndani halitakati tena.

Kobe Mzee: Acheni uzungu. Bibi yangu kanywa mabichi mpaka kafa na miaka 90.

Bwana Mgando: Waliokufa na miaka 9 hawana bando la kuja kuchangia.

Mama Ubuyu: Mimi nagandisha bila kuchemsha. Ule uchachu unaua kila kitu.

Mfugaji wa Pugu: Hauui kila kitu. Magoti yako yanaendeleaje?

Mama Ubuyu: We umejuaje magoti??

Mtoa mada: Jamani turudi kwenye kidole.

Chumvi Kidogo: Afadhali wako anaonja. Wangu anaongeza maji, juzi paka kanusa kaondoka zake.

Mpangaji Sugu: Anaongeza maji? Nipe namba yake. Huku Kimara wiki nzima bomba linatoa upepo.

Kobe Mzee: Kimara ipi? Sisi boza tumeliita tangu Jumapili, dereva anasema yuko njiani.