Mume kafiwa na mama yake, hajalia. Kawaida?

MamaChilonwa: Jamani, mume wangu kamzika mama yake, tangu turudi Dodoma hajadondosha chozi, anaenda Majengo kuuza mafuta ya alizeti, jioni anataniana na watoto. Mawifi wanasema litamlipukia.

Mgogo_halisi: Waache hao mawifi. Bonanno, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika 2004 kwamba wengi wanaofiwa wanaendelea na maisha vizuri tu, kutolia siyo ugonjwa. Na zile hatua 5 za huzuni (kuanzia kukataa hadi kukubali) alizoandika daktari Kübler-Ross 1969 zilitokana na wagonjwa wanaokaribia kufa, siyo wafiwa.

Dada_Area_C: Ila akianza pombe au kukosa usingizi mpeleke Mirembe, hospitali ya afya ya akili, pale siyo pa vichaa tu jamani.

MamaChilonwa: Analala fofofo, na ugali kwa mlenda jana kamaliza wote.