Tupeane uzoefu: kupika nyumbani kuku wa mtindo wa mgahawa wa Kichina

Mwanzisha mada
Ndugu wanajamvi, nimekuwa nikijaribu kuwapikia wanangu vile vipande vya kuku vilivyokaangwa na kuviringishwa katika rojo tamu lenye ukali wa siki, ambavyo tumezoea kuvinunua vikiwa ndani ya kisanduku. Ladha nimeipata, lakini ganda hulainika kabla sijamaliza kupakua. Naomba kila mmoja aeleze alivyofanya yeye mwenyewe, na hasa alivyoharibu.

Mchangiaji wa 1
Nilihangaika na jambo hilo hilo kwa sababu nilikuwa nikitumia unga wa ngano pekee. Siku hizi nachanganya vipande na ute wa yai na sosi ya soya kidogo, kisha navigaragaza katika wanga wa mahindi, ule mweupe laini wa kuongezea mchuzi uzito, mpaka kila kipande kionekane kikavu kwa nje. Hata hivyo, kilichonisaidia zaidi ni kukaanga mara mbili. Mara ya kwanza mafuta huwa na joto la nyuzi 160 hivi, na vipande hukaa dakika nne au tano hadi viive. Naviopoa na kuvipumzisha juu ya wavu kwa dakika kumi, muda ambao unyevu wa nyama husogea kuelekea kwenye ganda. Mara ya pili mafuta hufikia nyuzi 190, na dakika moja au mbili hutosha kuufukuza unyevu huo. Anayevikaanga mara moja tu huuacha humo humo, naye hulaumu rojo bure.

Mchangiaji wa 2
Mimi niliharibu rojo. Nilimwaga wanga mkavu moja kwa moja katika sufuria iliyokuwa ikichemka, ukaganda papo hapo na kuwa madonge ambayo hata chujio halikuyamaliza. Ukorogwe kwanza katika maji baridi. Pia nilitia chumvi juu ya sosi ya soya, ambayo yenyewe ni chumvi tupu, na chakula chote kikatupwa.

Mchangiaji wa 3
Tumieni paja badala ya kidari, kwa kuwa halikauki upesi.

Mchangiaji wa 4
Nyumbani kwetu wanapenda kidari, kwa hiyo nakipaka soda ya kuokea kidogo sana kwa robo saa, nakiosha vizuri na kukikausha kwa kitambaa safi. Nisipokiosha hubaki na ladha ya sabuni. Nilijifunza hilo mbele ya wageni.

Mchangiaji wa 5
Nami nina neno kuhusu sukari. Kuku anayeitwa wa Jenerali Tso, mashuhuri katika migahawa ya Kichina ya Marekani, alibuniwa Taiwan katika miaka ya 1950 na mpishi Peng Chang-kuei, mzaliwa wa Hunan, na mapishi yake ya awali hayakuwa matamu. Jenerali mwenyewe, Zuo Zongtang, alifariki mwaka 1885, hivyo hakupata hata kuonja. Tangu nilipofahamu hayo nimepunguza sukari kwa nusu bila wasiwasi wa kuharibu asili, nimeongeza siki, tangawizi na kitunguu saumu, na watoto hawakulalamika. Naliacha rojo liwe zito na kidogo, la kupaka ganda tu, kwani ganda linaloogelea halina budi kulowa.

Mwanzisha mada
Ahsanteni. Jana nilikaanga mara mbili. Fungu la kwanza nililijaza karai zima, mafuta yakapoa, na vipande vikatoka vimepauka na kunyonya mafuta. Fungu la pili niliweka vipande vinane tu na vikaita kwa mlio vilipogusana. Rojo nililichanganya wote wakiwa wameshaketi mezani. Sehemu ya baba yao, ambaye huchelewa kurudi, niliiacha kavu na rojo lake katika bakuli la pembeni, na alipofika nikaipasha katika oveni kwa dakika chache. Ilibaki na mlio wake.